Isale Mkononi mwa Mzee Elisaria

Siku niliyowakabidhi ufunguo wa karakana mlinipa keki, kanga mbili na saa ya ukutani. Saa ya ukutani kwa mtu aliyestaafu! Hata hivyo nilishukuru, na bado nashukuru. Wakati tunakula keki mwenzenu Jackline aliniuliza, "Mama, ulijifunzaje kuchora mtu aliyeshika ua mpaka aonekane anahema?" Nilicheka nikaomba chai zaidi. Sasa muda ninao, na saa ya kuupimia ipo ukutani, basi acha nijibu.

Nilifika kwa Mzee Aloyce nikitokea Olmotonyi, nina miaka kumi na tisa na daftari moja la michoro. Karakana ilikuwa palepale mnapoijua, Kaloleni hapa Arusha, ila ilikuwa na vyumba viwili tu. Cha mbele kilikuwa cha mabango ya saluni na bucha, cha nyuma kilikuwa cha sura za watu. Mzee Aloyce alikuwa Mchaga wa Kibosho, mrefu, mwembamba, koti la kaki, penseli sikioni hata akiwa kanisani. Alifungua daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Mimi ni Mwarusha, kwa hiyo nusu ya daftari ilikuwa ng'ombe.

"Ng'ombe wako wazuri," alisema mwishoni. "Lakini watu wako wote wameweka mikono mfukoni. Wana nini?"

"Ni baridi ya mlimani, mzee," nikasema.

Alicheka mpaka penseli ikaanguka. Kisha akanipa kipande cha msasa na rundo la hadibodi, zile mbao nyembamba za kuchorea, na miezi mitatu ya kwanza kazi yangu ilikuwa kusugua. Ukweli aliuona siku ileile: sikujua kuchora mikono. Mkono wa mtu nilipoujaribu ulitoka kama chane ya ndizi.

Nilipomaliza kusugua akanifundisha kupiga miraba, yaani kugawanya picha ndogo kwa mistari ya penseli, kisha kuihamisha mraba kwa mraba mpaka kwenye ubao mkubwa. Akanifundisha kuanza na kivuli cha mashimo ya macho, si kope. "Kope ni urembo," alisema. "Mtu anakaa kwenye shimo." Akanifundisha kuosha brashi kwa sabuni kila jioni, kwa sababu, alivyosema, mke wake humsamehe akichelewa lakini brashi haijawahi.

Wateja wa chumba cha nyuma wengi walikuja wamefiwa. Walileta picha moja, ya kitambulisho, iliyokunjika pembeni. Mnazijua picha hizo. Kila mtu anayepigwa picha ya kitambulisho anafanana na mtu aliyeulizwa ng'ombe wa jirani yuko wapi. Familia ilitaka hiyo hiyo iwe kubwa, marehemu avae suti ambayo hakuwahi kuwa nayo, na mkononi ashike ua. Ua lilikuwa heshima. Asiye na ua alionekana kama amesahauliwa na watoto wake.

Mimi nililipenda ua kwa sababu zangu. Waridi moja kubwa hufunika vidole vinne. Mawili hufunika aibu yote. Nilizidi kuwa hodari wa mawaridi, nikayapa umande na vivuli, na wateja wakasifu. Mzee Aloyce alivumilia mwaka mzima, kisha siku moja akasimama nyuma yangu.

"Nembris, wewe huchori ua. Unachora pazia."

Nilijifanya sijasikia.

"Mtu akishika kitu," akaendelea, "mwili wote unajua. Shingo inajua, mdomo unajua. Wako hawa wanaonekana wamebandikiwa maua wakiwa wamelala. Anza na mkono. Ua lije mwisho."

Nilisema sawa mzee, na waridi lililofuata nikalifanya kubwa zaidi.

Anayeijua Arusha anajua habari ya Desemba. Wachaga wanapanda kwao Kilimanjaro kula Krismasi, na mji unabaki na sisi wengine na mbwa. Mwaka wangu wa tatu Mzee Aloyce aliondoka mapema, akaniachia karakana na agizo moja: "Pokea mabango tu. Sura za watu zisubiri nirudi." Kesho yake asubuhi akaingia mwanamke aliyevaa vitenge vizuri, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Jina lake Apaikunda, mwuza vitambaa, kwao Machame. Baba yake, Mzee Elisaria, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na baada ya Krismasi ukoo mzima ungekutana kwa ibada ya kumwekea msalaba kaburini. Walitaka picha kubwa ya kusimamisha mbele ya watu. Ndani ya bahasha kulikuwa na kitambulisho chake cha chama cha wakulima wa kahawa.

"Fundi yuko wapi?" akauliza.

"Ameenda kwao."

"Na wewe ni nani?"

Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Mimi ni fundi."

"Basi mdogo wangu, nisaidie. Nimeshazunguka mji mzima, kila mlango umefungwa. Baba asikose hata ua mkononi."

Nilianza siku hiyohiyo. Miraba ikatoka vizuri, suti ikatoka vizuri, na uso ukatoka kama wa kitambulisho, mtu anayehojiwa. Siku ya tatu nilikata tamaa, nikakaa mbele ya kioo cha kunawia nimeshika waridi ili nijione. Shangazi yangu alifanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Nduruma, na ndiye aliyeniletea yale yaliyokataliwa kwa kupinda shina. Nilipolitazama ua, kope zangu zilishuka kidogo na kidevu kikafuata. Nikakumbuka maneno ya mzee: mwili wote unajua. Nikarudi kwenye ubao nikashusha kope za Mzee Elisaria, nikainamisha kichwa chake upana wa kidole kimoja, nikalegeza pembe ya mdomo. Nakwambieni, nywele zilinisimama. Yule mzee alianza kuwa mtu.

Tatizo likabaki ua. Wekundu wake ulikuwa unapiga kelele, jicho haliendi tena usoni. Nikalikwangua kwa kisu. Na mawaridi yenyewe yalikuwa yamenyauka, majani yamekauka. Nikatoka nje kutafuta kitu cha kijani, na kwenye uzio wa nyumba ya jirani kulikuwa na majani marefu yanayong'aa, yamepandwa kama mpaka. Nilikata moja tu. Lilikaa vizuri mno kwenye suti ile nyeusi. Tena lilikuwa refu la kutosha kuanguka juu ya vidole na kuvifunika vyote. Nikaona leo Mungu yuko upande wangu.

Apaikunda alikuja akiwa mbioni, gari la kwenda Machame linamsubiri barabarani. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo nilikuwa nimeisimamisha picha ndani ya boksi la televisheni, imezama mpaka kifuani. Alitazama uso akashika mdomo. "Mae! Ndiye. Ndiye baba, siku akiwa hana hasira." Akalia, akafunika boksi kwa kanga, akaondoka. Mimi nikafunga karakana nikapanda Olmotonyi kula sikukuu, najiona mtu mzima.

Alirudi wiki ya kwanza ya Januari, picha ileile mkononi. Mzee Aloyce alikuwa amesharudi, yuko chumba cha mbele anaandika bango la bucha. Apaikunda hakusalimia. Aliiegemeza picha ukutani, akanigeukia.

"Nani alikwambia umpe baba isale?"

"Isale ni nini?" nikauliza.

Mzee Aloyce alikuja akiwa na brashi mkononi. Alitazama uso kwanza, kwa muda mrefu, kisha akashusha macho kwenye jani. "Yesu na Maria," akasema, akavuta kigoda akakaa.

Yeye ndiye aliyenieleza. Kwao Uchagani, mtu aliyekosana na mwenzake akitaka yaishe humpelekea jani hilo, isale. Hana haja ya kusema mengi. Na aliyeletewa isale hakatai, hata kama moyo bado unauma. Nilitamani sakafu ya saruji inimeze. Kwetu mtu aking'oa majani mabichi akayainua mkononi kuomba amani, hata mwenye fimbo huishusha. Jambo lenyewe nililijua tangu utoto. Jani lao ndilo sikulijua, kwa sababu sikuuliza.

Apaikunda akasimulia yaliyotokea. Kaka yake mkubwa, Aminieli, aling'oa kahawa yote ya baba yao kipindi bei ilipoanguka, akapanda nyanya bila kumwambia. Mzee akamfukuza. Miaka kumi na moja hawakusalimiana. Hata kwenye mazishi Aminieli alisimama nje ya lango, hakuingia. Siku ya msalaba alikuja akasimama nyuma ya watu wote, tayari kuondoka. Kanga ikaondolewa kwenye picha. Akaona.

"Alipita katikati ya watu kama haoni mtu," alisema Apaikunda. "Akaanguka pale mbele ya picha. Mama akasema, 'Mmeona wenyewe. Baba yenu ameomba yaishe.' Kaka akaingia ndani, akala na sisi. Miaka kumi na moja!"

"Sasa ubaya uko wapi?" Mzee Aloyce akauliza, ingawa nadhani alijua.

"Godlisten." Huyo alikuwa mdogo wao wa mwisho, aliyebaki na baba mpaka siku ya mwisho. "Anasema baba hajawahi kuomba msamaha kwa mtu, na kwa kaka ndiyo kabisa. Anasema kuna mtu amemsemea marehemu uongo kwa brashi. Na ni kweli, sivyo? Kwa hiyo lifute. Weka waridi kama nilivyoagiza. Godlisten nitamtuliza, mama nitamwambia lilikuwa kosa. Kaka haishi nyumbani, asijue. Akijua halikuwa la baba ataondoka, na safari hii hatarudi."

Kulifuta jani lile ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilishachukua kisu. Mzee Aloyce akanishika mkono.

"Umemsemesha marehemu jambo ambalo hakulisema," akaniambia, polepole. "Halafu unataka umnyamazishe tena, kimyakimya? Mwanawe alipiga magoti mbele ya kazi yako. Atasikia kutoka kwako." Akamgeukia Apaikunda. "Mama, picha inabaki hapa. Haiguswi mpaka Aminieli aje."

Apaikunda alitusema vibaya wote wawili. Alikuwa na haki. Akaondoka bila picha.

Kwa wiki mbili nilichora mabango na Mzee Elisaria ananiinamia kutoka ukutani. Jambo moja liliniuma kuliko mengine, na nalisema wazi: ile ilikuwa kazi nzuri ya kwanza maishani mwangu. Mzee Aloyce naye alilijua. Asubuhi moja alisimama mbele ya picha na kikombe cha chai akasema, "Ungeharibu uso, wala wasingekuamini." Hiyo ndiyo sifa niliyopata.

Aminieli alikuja siku ya Jumatatu. Alikuwa analima nyanya Usa River, mtu mpana, mpole wa sauti, ameshika kofia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Dada yangu ameniambia kuna neno. Amekataa kulisema yeye."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yote yakapotea. Nikamwambia kama lilivyokuwa: mawaridi yalinyauka, nikakata jani kwenye uzio wa jirani, sikujua maana yake, na hakuna mtu wa kwao aliyeniagiza. Sikumaliza hapo. Nikamwambia pia kwamba nililipenda kwa sababu lilificha vidole, maana mikono sijui kuchora.

Aliisogelea picha, akaitazama kwa karibu. Halafu akauliza, "Na macho? Nani alikwambia uyainamishe?"

"Hakuna. Nilijitazama kwenye kioo."

"Ala." Akageuza kofia mikononi mara moja, mara mbili. "Binti, nikwambie kitu. Nilipoliona lile jani sikufurahi. Wanasema nilifurahi, hapana. Niliona aibu. Kahawa ile aliipanda kabla sijazaliwa. Mimi ndiye niliyeing'oa, mimi ndiye niliyetakiwa kupeleka isale. Nikawa nasema mwakani, mwakani. Akafa. Halafu yeye ndiye aniombe mimi?" Akatikisa kichwa. "Niliposikia kuna neno nilijua. Nilijua baba asingeweza. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi."

"Basi nilifute?" nikauliza.

"Usilifute. Mchore anayelileta."

Sikuelewa. Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya picha, kutoka pembeni, mpaka ncha ya vidole ikakaribia jani. Na hapo nikaona. Zile kope zilizoshuka, kile kichwa kilichoinama: mzee hakuwa anaomba. Alikuwa anatazama alicholetewa.

Nikamgeukia Mzee Aloyce nikitegemea achukue brashi. Aliirudisha penseli sikioni akaenda kumalizia bango lake.

Aminieli alikuja siku nne, akakaa mbele yangu na mkono wake juu ya meza. Siku ya kwanza nilitoa chane ya ndizi. Siku ya pili Mzee Aloyce alipita akasema neno moja tu, kwamba nisichore vidole, nichore nafasi zilizo katikati ya vidole. Jaribuni, nimewaambia mara ngapi. Kidole unakijua mno, kwa hiyo unakidanganya, lakini nafasi huijui, inabidi uitazame. Nikachora zile nafasi. Nikachora kovu la kidole gumba, ambalo alisema alilipata siku aliyokuwa anang'oa mashina ya kahawa kwa sururu. Nikachora kucha zenye udongo usiotoka. Nilizijaza hadibodi tatu kwa mkono ule mmoja.

Jani likiwa limehamia kwenye mkono unaolileta, vidole vya Mzee Elisaria navyo vilibaki uchi. Nikasema sina mfano wake.

"Chora wangu wa kushoto," Aminieli akasema. "Wa kulia ndio unatoa, wa kushoto ukiugeuza uwe wa kulia ndio unapokea. Mama yangu akigombana nasi hutwambia mikono ni ileile, vichwa ndivyo vibovu."

Godlisten alikuja mwenyewe kuichukua picha, pamoja na Apaikunda. Alikuwa kijana aliyevaa viatu vilivyong'arishwa, na alikuja kugombana, ilionekana kwenye mabega. Alisimama mbele ya picha. Alitazama mkono unaoingia kutoka pembeni, akatafuta kovu, akaliona.

"Ni kaka anayeomba?"

"Ni yeye," nikasema. "Alikaa hapa siku nne."

"Na baba amepokea?"

Nilitaka kusema hilo sijui, mimi nachora tu. Mzee Aloyce akanitangulia. "Wewe ni Mchaga au si Mchaga? Isale linakataliwa?"

Godlisten akavua koti lake zuri, akaifunga picha kwalo, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye gari na hakuruhusu dada yake amsaidie. Mlangoni Apaikunda alinigeukia. "Mdogo wangu, siku nyingine mteja akikuagiza ua, chora ua." Tukacheka, akaondoka.

Baada ya pale sikuficha tena mkono wa mtu. Mengine mnayajua kwa sababu mlikuwepo, au mliyakuta. Mashine za kuchapisha picha zikaja, chumba cha nyuma kikawa kimya miaka kadhaa, kisha watu wakaanza kurudi, maana picha ya mashine inamwonyesha mtu jinsi alivyokuwa siku moja tu. Mzee Aloyce alifariki akiwa kwao Kibosho, wiki ya Krismasi, siku ambayo mimi nilikuwa zamu ya kupokea mabango. Niliwauliza watoto wake kama nimchore na ua. Wakasema mchore na penseli yake.

Kuna picha mliniona nikiichora mwezi wangu wa mwisho, nikawafukuza kila mlipochungulia. Alikuja binti mmoja mwenye simu iliyojaa picha za baba yake aliyefariki. Picha mia, na katika zote amekunja mikono nyuma au ameificha chini ya meza. "Uso tunao, mama," alisema. "Tatizo ni mikono. Tutaipata wapi?"

Nikauliza baba alikuwa nani. Akasema ni Aminieli wa Mzee Elisaria, wa Machame, mwenye kahawa.

"Kahawa?"

"Aliirudisha shamba zima. Mche kwa mche, palepale alipoing'oa."

Nilifungua droo ya chini, ile mliyodhani ina bili za umeme. Hadibodi tatu zilikuwepo, rangi imefifia kidogo, kovu lipo. Nikachora mkono kwanza. Ulipokamilika, mtupu kabisa, nikaweka kwenye kiganja tawi moja la kahawa lililochanua, maua meupe madogo yasiyoweza kuficha hata ukucha. Macho nikayafanya yajue mkono umeshika nini.

Binti alipokuja kuichukua hakungoja nimwambie rangi ni mbichi. Juu ya ule mkono aliweka wa kwake, polepole, kama mtu anayesalimia. Alipouondoa alikuwa na doa la kahawia kwenye kidole gumba, akalitazama bila kulifuta.

"Mkono ndio wenyewe kabisa," akasema. "Uso, mama, uangalie tena kidogo."